Nani Ashike Mizani ya Michezo ya Mapigano?

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakastaajabu kuiona safu hii, iliyozoea kunena juu ya karafuu, bandari na maji ya mifereji, leo ikishika kalamu kuzungumzia michezo ya video. Twaomba watuvumilie. Tarehe 28 Septemba 2023, katika mji wa Hangzhou nchini China, kwenye Michezo ya Bara la Asia, nishani ya dhahabu ilivishwa shingoni mwa mtu wa Korea ya Kusini mwenye umri wa miaka 44, Kim Gwan-woo, ambaye hakukimbia, hakuogelea wala hakunyanyua chuma. Alikaa kitini mbele ya skrini, akacheza Street Fighter V, akamshinda Hsiang Yu-lin wa Taipei kwa michezo minne kwa mitatu. Nishani hiyo haikuwa ya maonyesho. Iliingia katika hesabu ya nchi yake sawasawa na ya mwogeleaji. Jambo lililofika huko limekwisha kugonga mlango wa serikali, na ofisa wa michezo wa mahali popote, hata wa kisiwa kidogo, yampasa alijue kabla halijamkuta mezani.

Vijana wetu wanaijua michezo hii kuliko sisi. Huiita gemu, na katika mabanda wanakolipia muda wao aghalabu utawakuta wakicheza kandanda ya kwenye skrini. Hatukusudii leo kuhukumu kama mabanda hayo ni mema au maovu. Hilo limekwisha kusemwa sana, na mara nyingi na watu wasiowahi kuyaingia. Tunalotaka kulitazama ni mgogoro uliomo ndani ya aina moja ya michezo hiyo, ile ya mapigano ya mtu kwa mtu. Mgogoro huo umedumu kwa zaidi ya miaka 30 katika Japani, Marekani na Ulaya, nao wahusu haki: je, ni halali mshindani mmoja kuingia ulingoni na silaha iliyo bora kuliko ya mwenziwe? Na kama si halali, nani mwenye mamlaka ya kumpokonya?

Katika bao letu, kila mchezaji ana mashimo 16 na kete 32, na mwenziwe hali kadhalika. Katika sataranji, majeshi mawili ni mapacha, isipokuwa mmoja hutangulia kucheza. Katika ndondi watu hupimwa uzito kwanza, na mwembamba hakutanishwi na pandikizi la mtu. Michezo ya mapigano ya video haifuati njia hiyo. Tangu kampuni ya Capcom ya Osaka ilipotoa Street Fighter II mwaka 1991, kila mchezaji huchagua mpiganaji wake kutoka katika orodha, na wapiganaji hao wameumbwa tofauti kwa makusudi. Katika mchezo ule walikuwa wanane. Zangief, mwanamieleka wa Kirusi, hana la kufanya mpaka amkaribie adui. Akimkaribia, humbwaga kwa kishindo. Dhalsim ana mikono inayorefuka hadi upande wa pili wa skrini. Guile, askari wa Kimarekani, hukaa nyuma akirusha mawimbi ya upepo, na anayejaribu kumrukia hupokewa na teke angani.

Tofauti hizo ndizo utamu wa mchezo wenyewe, na ndizo chanzo cha ugomvi. Haikuchukua muda watu kugundua kwamba Guile ana nafuu kubwa juu ya wengi wa wenziwe. Tena, katika toleo lile la kwanza wachezaji wawili hawakuweza kumchagua mpiganaji mmoja: aliyewahi kumshika Guile, basi Guile ni wake. Mwaka 1992 Capcom wakatoa toleo lililoruhusu wote wawili kumchagua mmoja, na kuwafungua wakuu wanne ambao awali walichezwa na mashine tu. Dawa hiyo ikaleta maradhi mengine, kwani mmoja wa wakuu hao, jemadari aitwaye M. Bison nje ya Japani, akawa tishio kubwa, na katika toleo lililofuata mwaka huo huo ikabidi apunguzwe makali.

Wajapani, watu wa hesabu, walibuni njia ya kuupima mgogoro huu. Huchora jedwali la wapiganaji wote, kisha hujiuliza: wachezaji wawili wenye ujuzi sawa wakicheza mara kumi, huyu atashinda mara ngapi? Tano kwa tano ni usawa. Sita kwa nne ni mlima mdogo, unaopandika. Saba kwa tatu ni mlima mrefu, na nane kwa mbili ni mateso. Mpiganaji ambaye safu yake yote haishuki chini ya tano ndiye anayeitwa mwenye nguvu kupita kiasi. Jedwali hilo lina manufaa, ila msomaji asilichukue kama vipimo vya dukani. Hakuna mashine inayolitoa. Ni makadirio ya wachezaji wenyewe, na wachezaji, kama mashabiki wa kandanda, wana mapenzi yao.

Malalamiko ya kwanza kabisa hayakuhusu mpiganaji bali pigo. Katika majumba ya kuchezea kwa sarafu, miaka ya mwanzo ya 1990, kumkamata mwenzio na kumbwaga huku yeye amejikinga kulihesabiwa na wengi kuwa ni uhuni. Magomvi yalizuka, na palikuwa na mahali ambapo wenyeji waliweka mwiko. Lakini tazama mchezo ulivyojengwa. Pigo humshinda anayejaribu kukamata. Kukamata humshinda anayejikinga. Kujikinga humshinda apigaye. Ni mduara wa vitu vitatu. Ukikataza kukamata, umemkabidhi anayejikinga ngome isiyobomoka, na mchezo mzima umekufa. Waliopiga mwiko ule walidhani wanatetea uungwana, kumbe wanatetea uvivu wao wa kujifunza kujinasua. Mmarekani David Sirlin, mchezaji aliyekuja kuwa mtengenezaji wa michezo, aliandika kwa ukali mkubwa juu ya watu wa namna hiyo. Kwetu sisi pana msemo ambao ungemtosha: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Hata hivyo, Sirlin huyo huyo alikiri kwamba kuna marufuku ya haki. Aliweka masharti: marufuku iweze kusimamiwa, iwe na mpaka unaoonekana na kila mtu, na iwe imelazimika kweli. Mfano wake ni Akuma, mpiganaji aliyefichwa ndani ya Super Street Fighter II Turbo ya mwaka 1994. Akuma anaweza kuruka na kurusha moto kwenda chini kwa mshazari, na wapiganaji wengi wa mchezo ule hawakupewa njia yoyote ya kuujibu. Huwezi kusema ajifunze zaidi mtu asiyepewa cha kujifunza. Akapigwa marufuku mashindanoni, na mchezo wenyewe ungali unachezwa hadi leo pasipo yeye. Masharti yote matatu yalitimia: mwamuzi humwona Akuma kwa macho, hakuna nusu Akuma, na bila ya kumtoa, kusingebaki mchezo.

Katika mchezo huo huo kuna Sagat wa toleo la zamani, ambaye naye alionekana mzito mno kwa wengi. Huko Marekani aliruhusiwa. Huko Japani hakukuwa na kanuni iliyoandikwa, ila wachezaji wakubwa kwa hiari yao walijizuia kumtumia. Haya ni mambo ya adabu, na adabu husaidia pale watu wanapojuana. Mashindano yakiwa ya watu elfu kutoka nchi ishirini, wasiojuana kwa sura wala kwa lugha, sisi twaona mwiko usioandikwa humdhulumu mgeni, kwa maana mwenyeji anaujua na mgeni anaambiwa baada ya kuuvunja.

Kisa kinachowafaa zaidi wenye mamlaka ni cha Meta Knight. Mwaka 2008 kampuni ya Nintendo ilitoa Super Smash Bros. Brawl, na haukupita muda mrefu mpiganaji huyo mdogo mwenye mbawa na upanga akaonekana hana adui wa kumwogopa hata mmoja. Mjadala uliendelea kwa miaka. Waliotaka atolewe walisema kila anayetaka kushinda fedha analazimika kumchezea yeye, kwa hiyo orodha ndefu ya wapiganaji imekuwa pambo tu. Waliompinga walisema kuna vijana waliotumia miaka mitatu kumjifunza, na kwamba anashinda lakini pia hushindwa. Mwishoni mwa 2011 kamati ya waandaaji wa Marekani, iliyokusudia kuyaunganisha mashindano chini ya kanuni moja, iliamua atolewe kuanzia mwaka uliofuata. Januari 2012, huko New Jersey, mashindano makubwa ya Apex yaliyokusanya wachezaji wa nchi mbalimbali yalifanyika naye Meta Knight akiwemo. Basi amri ikawa imetoka, na mkutano mkubwa kuliko yote haukuifuata. Marufuku haikudumu, na kamati yenyewe haikudumu.

Hatusemi kamati ile ilikosea kuhusu Meta Knight. Kwa ushahidi uliokuwepo, hoja yao ilikuwa na uzito. Walikosa jambo jingine: hawakuwa na mkono juu ya wale waliotaka kuwaamuru. Kamati ya watu wa kujitolea haina polisi wala leseni. Nguvu yake yote ni ridhaa ya waandaaji wengine, na ridhaa hiyo ilipaswa kupatikana kabla ya tangazo. Hapa kwetu ndondi zilikatazwa kwa zaidi ya nusu karne, na mapambano yakarejea hadharani mwaka 2023. Marufuku ya serikali ina meno ambayo kamati ile ya Marekani haikuwa nayo, na kwa sababu ina meno, yapaswa itolewe kwa kufikiri zaidi.

Sasa tuugeukie upande wa wale wanaosema: ngojeni. Wana ushahidi mzuri. Mwaka 2001 Nintendo ilitoa Super Smash Bros. Melee, mchezo ambao haukuendelea kurekebishwa baada ya kutoka. Miongoni mwa wapiganaji wake yumo Jigglypuff, kidude cha mviringo chenye rangi ya waridi, mwepesi kama puto. Wachezaji wa mwanzo walimweka chini. Miaka ilipita, akatokea Mmarekani Juan Debiedma, ajulikanaye kama Hungrybox, akamfanya puto yule kuwa jinamizi la watu. Mwaka 2016 alitwaa naye ubingwa wa Evo, mashindano mashuhuri kuliko yote ya michezo ya mapigano. Kisha waliomdharau Jigglypuff wakaanza kudai ana nguvu mno! Mwaka 2022, miaka 21 baada ya mchezo kutoka, Mjapani ajiitaye aMSa alishinda mashindano makubwa ya The Big House kwa kumtumia Yoshi, mpiganaji ambaye kwa muda mrefu hakuna aliyemhesabu. Hakuna kampuni iliyoendelea kuubadili mchezo ule. Kilichobadilika ni watu. Lau pangekuwapo ofisa mwenye haraka mwaka 2003, angewaongezea nguvu hao wawili kwa huruma, na hayo yasingaliwezekana.

Upo pia mfano wa Marvel vs. Capcom 2, wa mwaka 2000. Una wapiganaji 56, na kila mchezaji huchukua watatu. Katika hao 56, waliotawala meza za mabingwa ni kama wanne: Magneto, Storm, Sentinel na Cable. Kwa kipimo cha usawa, mchezo ule ni kichekesho. Hata hivyo ulichezwa katika mashindano makubwa kwa takriban miaka kumi na ukapendwa kupita mingi iliyosawazishwa vizuri, kwa sababu hao wachache, wakikutana wao kwa wao, walikuwa na mapambano ya kasi na werevu usiokwisha. Kadhalika pambano linalokumbukwa kuliko yote katika historia ya michezo hii, la Evo ya mwaka 2004 huko California, lilikuwa baina ya wapiganaji wawili wa tabaka la juu kabisa la Street Fighter III: 3rd Strike. Mmarekani Justin Wong alikuwa na Chun-Li. Mjapani Daigo Umehara alikuwa na Ken, aliyebakiwa na uhai kama uzi. Wong akaachia mateke 15 mfululizo. Kujikinga kwa kawaida kusingefaa, kwani hata teke lililokingwa lingemmaliza. Umehara akayapangua yote, moja moja, kila moja kwa kubonyeza kwa wakati wake, kisha akajibu na kushinda. Ukumbi ulilipuka kwa kelele. (Fainali alishindwa, na aliyemshinda alimtumia Yun, wa tabaka hilo hilo la juu.)

Zamani mchezo ukishatoka kiwandani ulikuwa umetoka. Leo kampuni hupeleka marekebisho kwa njia ya intaneti hadi kwenye kila mashine, na pigo lililokuwa na kasi jana huamka leo limepunguzwa. Msomaji ajue kwamba michezo hii huenda kwa picha 60 kwa sekunde, na mabadiliko ya picha moja tu katika pigo yaweza kumtoa mpiganaji kwenye kilele au kumpandisha. Kazi ya mizani imetoka mikononi mwa wachezaji na kuingia mikononi mwa muuzaji.

Hapo ndipo panapotutia wasiwasi. Desemba 2019 kampuni ya Bandai Namco iliongeza katika Tekken 7 mpiganaji mpya aitwaye Leroy Smith, aliyeuzwa kwa fedha za ziada. Januari 2020, katika Evo ya Japani, wachezaji sita kati ya wanane wa mwisho walimtumia huyo, na bingwa, kijana wa Thailand, alikuwa mmoja wao. Kampuni ikampunguza makali baadaye. Sisi hatuna ushahidi kwamba walimfanya hodari ili wamuuze, na hatutawasingizia. Lakini mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mtu mmoja akiwa ndiye mwenye duka la silaha na ndiye mwandishi wa sheria za vita, hana budi kutuhumiwa hata siku asiyokuwa na kosa. Aprili 2025, kampuni hiyo hiyo ilipoibadili Tekken 8 kwa marekebisho makubwa, wachezaji walikasirika kwa wingi hata ikaomba radhi na kutoa marekebisho mengine ya haraka. Kwa mchezaji wa nyumbani hilo ni usumbufu wa jioni moja. Kwa kijana aliyekopa nauli kwenda mashindanoni, ni mtaji kuzama.

Tusidhani kwamba vijana hao wako Tokyo na Las Vegas tu. Mwaka 2019 Arslan Siddique wa Lahore, Pakistan, aliyelelewa katika majumba ya michezo ya mji wake, alishinda Evo ya Japani na ya Marekani katika Tekken, hali ya kuwa wengi wa mabingwa wa Korea na Japani hawakujua kwamba Pakistan ina wachezaji wa kiwango hicho. Riyadh nako, ng'ambo tu ya maji haya haya ambako ndugu zetu wengi wamekwenda kutafuta riziki, tangu 2024 hufanyika mashindano ya dunia yenye zawadi nono, na michezo ya mapigano imo. Mtoto wa Pemba hakatazwi na jiografia.

Inatubidi pia tuguse suala la umati. Mwaka 2018, fainali ya Evo ya Super Smash Bros. kwa mashine ya Wii U ilichezwa na vijana wawili, na wote wawili walimtumia Bayonetta, mpiganaji aliyekuwa amechosha watu. Watazamaji waliwazomea, na wengine wakainuka na kuondoka. Vijana wale hawakuvunja kanuni yoyote. Walichagua kilichoruhusiwa, wakakijua kuliko wengine, wakafika fainali, wakavuna kuzomewa. Kama kosa lipo, lilikuwa kwa walioandika kanuni na kwa walioumba mpiganaji. Kumzomea mchezaji ni kumpiga punda kwa kosa la mwenye mzigo.

Rai yetu kwa wenye dhamana ya michezo na vijana Visiwani, siku watakapoombwa kibali au ufadhili wa mashindano ya namna hii, ni kwamba wasijitwike kazi ya kuamua mpiganaji gani ana nguvu mno. Hiyo waiachie jumuiya ya wachezaji, watakaoijua vyema kuliko ofisi yoyote. Kazi ya ofisi ni kuhakikisha kanuni zimeandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa kabla ya siku ya kujiandikisha. Kwamba toleo la mchezo limetajwa na halitabadilishwa katikati ya mashindano. Kwamba mpiganaji anayeuzwa kwa fedha za ziada ama amefunguliwa katika kila mashine ya mashindano, ama haruhusiwi kwa yeyote, ili mtoto wa mvuvi asishindwe na pochi ya mwenziwe kabla hajakaa kitini. Na kwamba marufuku yoyote inayotakiwa ina sababu iliyoandikwa na tarehe ya kutazamwa upya. Hayo hayahitaji bajeti. Yahitaji karatasi, muhuri, na ofisa aliye tayari kukaa saa moja na vijana akiwauliza.

Kim Gwan-woo, tulioanza naye, alitwaa dhahabu yake kwa kumtumia Vega, Mhispania mwenye kucha za chuma, ambaye hakuwa chaguo la kawaida la mabingwa. Street Fighter V ilikuwa imerekebishwa mara nyingi tangu ilipotoka mwaka 2016, na katika marekebisho yote hayo Vega hakupata kuwa mfalme wa jedwali. Kim alibaki naye.